Kazi ya marehemu

Siku ya nane baada ya kumzika Bibi, mimi na Mjomba tulikwenda kuandikisha kifo chake. Kijana aliyekaa nyuma ya meza alikuwa mpole. Alitupa pole, akauliza jina, akauliza umri, akauliza alifia wapi. Kisha akauliza, "Kazi ya marehemu?"

Mjomba hakufikiri hata kidogo. "Hana kazi. Mama wa nyumba tu."

Kijana akaandika. Nilikuwa nimekaa karibu, nikaiona kalamu ikipita. Sikusema kitu, kwa sababu Mjomba ni mkubwa wangu na kafiwa na mama yake, na mbele ya mgeni si mahali pa kumkosoa. Lakini tangu siku ile lile neno "tu" limenikaa kooni kama mwiba wa changu. Mjomba akiyasoma haya atanisamehe, maana anayajua yote kuliko mimi. Yeye ndiye aliyekuwa akimshikia kandili.

Umri nao ulikuwa wa kukisia. Kitambulisho chake cha Mzanzibari kinasema Januari 1, 1935, siku ambayo wazee wengi wa kijijini kwetu nao wameandikiwa. Yeye mwenyewe alihesabu kwa mambo yaliyomkuta. Vita vya Hitla vilimkuta anajua kusuka ukili. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta ana watoto wanne, na wa tano, ambaye ni mama yangu, yumo tumboni. Yaliyobaki aliyapanga kwa karafuu. "Mwaka ule zilizaa mpaka matawi yakakatika." "Mwaka ule hatukupata hata pishi moja." Anayeijua mikarafuu anaelewa kuwa hiyo ni kalenda ya kweli, kwani haizai sawa kila mwaka. Ikijitoa sana msimu mmoja, misimu inayofuata hupumzika. Bibi aliweza kukuambia mtoto gani kazaliwa msimu gani, na msimu ule karafuu ziliuzwaje.

Kijiji chetu kiko upande wa Wete, mwendo wa saa moja kwa miguu ukipita njia ya mkato. Kwa asiyeijua Pemba: kimbunga cha mwaka 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo kisiwa chetu ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Kwetu mkarafuu hurithiwa kwa idadi, mti kwa mti. Baba yake Bibi alipofariki, kaka zake wawili walipata miti 18 kila mmoja, na yeye 9, kama mirathi inavyoelekeza. Ile miti 9 aliijua mmoja mmoja kama mtu anavyowajua watoto wake. Mmoja aliuita Kiziwi, kwa kuwa haukusikia masika wala vuli, ulizaa ulipotaka wenyewe.

Nataka nikae kidogo hapa kwenye karafuu, kwa sababu watu wengi wanaijua ikiwa ndani ya pilau, na kazi iliyotangulia hawaijui.

Wanaume na vijana ndio wanaopanda juu. Matawi ya mkarafuu ni mepesi kukatika, na kila msimu kuna aliyeanguka. Wanawake wanachuma matawi ya chini kwa ng'owe, wanaokota zilizodondoka, na wanabeba mapakacha kichwani mpaka nyumbani. Hapo jua linazama, na mtu wa kawaida angesema siku imekwisha. Kwa Bibi ilikuwa nusu. Baada ya kusali isha anatandika jamvi barazani, anamwaga karafuu chungu nzima, sote tunazunguka. Unashika kishada kwa mkono mmoja, unakikandamiza kwenye kiganja cha mkono wa pili na kukizungusha, karafuu zinadondoka kwa pamoja, mkononi linabaki konyo tupu. Sisi watoto tulizichomoa moja moja kama tunaotoa kupe. Yeye alizungusha mara moja tu, na mkono wake ulikwisha kwenda kwenye kishada kingine huku macho yakimwangalia anayesinzia. Makonyo nayo hayakutupwa, yalianikwa yauzwe, maana kile kiwanda cha Wawi kinayakamulia mafuta. Mshika kandili, aliyekuwa Mjomba zamani na baadaye miaka ya tisini nikawa mimi, kazi yake ilikuwa kuusogeza mwanga pale chungu kinapohamia. Viganja vilikuwa vyeusi. Ukila wali kwa mkono ule, unaonja karafuu wiki nzima.

Kisha kuanika. Siku nne, tano, sita, kutegemea jua. Wingu likijitokeza upande wa Fundo anapiga ukelele mmoja na nyumba nzima inatoka mbio kukunja majamvi, hata aliye chooni. Karafuu ikirowa inageuka mpeta, na mpeta haina bei. Kujua kama imekauka, alichota konzi moja akaifumba kwa nguvu. Ikimchoma kiganjani, tayari. Isipomchoma, irudi juani. Wanunuzi walikuwa na mizani na vipimo vyao, lakini sikumbuki gunia lake hata moja lililorudishwa kwa unyevu. Na ujue kuwa kilo tatu mbichi zinatoa kilo moja kavu. Zile kilo mbili nyingine zinakwenda na jua, lakini mgongo uliozibeba ni uleule.

Hiyo ilikuwa kazi ya msimu. Karafuu zikilala, alikuwa bondeni kupanda mpunga, au pwani akifukua makumbi. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye tope la pwani miezi kadhaa mpaka yaoze, yafukuliwe yakinuka, yapigwe kwa gongo mpaka zibaki nyuzi za usumba, zisokotwe kamba. Harufu ile haitoki kwenye kanga hata ukiifua mara tatu. Alikuwa na kanga moja ya makumbi, haikuingia ndani ya nyumba, ilining'inia kwenye mnazi.

Hakujua kuandika. Alihitimu Kurani akiwa mdogo, na aliisoma mpaka macho yalipomkatalia, lakini kalamu hakupewa. Hesabu zake aliziweka kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni. Mlango wenyewe ni wa mfenesi, mzito. Mstari ni pishi, nukta ni kibaba. Aliyechuma miti yake kwa malipo, jirani aliyekopa mchele, mwenzake wa upatu ambaye hajatoa, kila mmoja alikuwa na mahali pake juu ya ubao, na nani yuko wapi alijua yeye. Mtu akilipa, alichovya kitambaa kwenye maji akafuta. Kila mwaka, siku chache kabla ya Ramadhani, alikaa mbele ya mlango ule na kipande cha mkaa akaipitia upya mistari iliyofifia. Nilimwuliza siku moja, nikiwa darasa la nne na najiona msomi, mbona haendi kuwadai. Akasema, "Wanajijua." Akaendelea na mkaa wake.

Tulipojenga nyumba ya matofali, fundi alileta milango mipya. Bibi akasema mipya iwekwe mbele, wageni waione. Wa mfenesi urudi jikoni kwake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Serikali ilipobana chakula kinachotoka nje, mchele na unga ulipatikana kwa mgao na kwa foleni. Pemba tuliumia. Wazee wa kwetu bado wanasema "miaka ya foleni" bila kutaja mwaka, na wote wanaelewana. Bibi alikuwa na watoto saba nyumbani. Alikwenda msituni kuchimba ndiga. Hicho ni kiazi chenye sumu, na asiyejua kukitengeneza ataizika familia yake. Kinamenywa, kinakatwa vipande vyembamba, kinalowekwa kwenye maji yanayotembea siku baada ya siku mpaka ukali utoke, ndipo kipikwe. Mama anasema Bibi alikula kwanza yeye, akangoja usiku mzima, na asubuhi, alipojiona mzima, ndipo akawapa watoto. Mpunga wake wa bondeni ulikuwa kidogo, na katika kidogo hicho aliwakopesha wengine. Mama anakumbuka akiambiwa aende na kibaba cha mchele nyumba fulani kwa njia ya nyuma, asionekane, ili wanaopokea wasione haya.

Babu alifariki mwanzoni mwa 1979, vita vya Kagera vikiendelea. Bibi alikaa eda miezi minne na siku kumi. Mjane hatoki nje ila kwa dharura, na yeye hakutoka. Aliagiza miyaa na ukindu viletwe ndani, akatia rangi, akasuka. Eda ilipokwisha, alitoka na mikeka saba. Iliuzwa Wete, na pesa yake ndiyo iliyolipia hitma na ndiyo iliyonunua mabati ya jikoni. Wako watu kijijini waliosema hakulia sana. Mama anasema alilia, ila alilia akisuka.

Sasa lazima niseme na lile ambalo nyumbani kwetu halisemwi kwa sauti. Mwaka ule ule alimtoa Mama mdogo skuli. Alikuwa darasa la sita, ana akili kupita wote, mwalimu alikuja mwenyewe kumwombea. Bibi alimkaribisha mwalimu, akampa chai na mkate wa kumimina, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Mwalimu, n'na mikono miwili tu." Mama mdogo hakurudi tena. Alichuma karafuu, alipanda mpunga, akaolewa na miaka kumi na saba. Kwa miaka mingi alizungumza na mama yake kwa heshima zote, shikamoo asubuhi na jioni, na hakuna zaidi ya hapo. Sitaki kuipamba habari hii. Bibi alikosea, au hakuwa na njia, au vyote viwili. Sijawahi kumsikia akijitetea.

Ninachojua ni kilichofuata. Kilimo cha mwani kilianza Zanzibar mwaka 1989, huko Paje na Jambiani, Unguja, kisha kikavuka bahari kuja kwetu. Bibi alikuwa karibu na miaka 56 au 57 alipoingia baharini kwa mara ya kwanza na vigingi na kamba. Wanaume wengi walijaribu wakaacha, wakasema malipo hayalingani na taabu, na kwa kweli hayalingani. Wanawake walibaki. Unangoja bamvua, maji yakupwe mbali, unatembea kwenye matope na mawe na fuma waliojaa miba, ukiwa umevaa soksi na viatu vilivyokwisha. Unainama saa tatu au nne ukifunga vipande vya mwani kwenye kamba, kimoja kimoja. Wiki sita baadaye unavuna, unabeba ukiwa unachuruzika maji ya chumvi, unaanika. Unauza kwa kilo, kwa bei ya kuumiza moyo, na huo ndio mwani unaokwenda ng'ambo kutiwa kwenye dawa za meno na vyakula vya watu.

Pesa ya mwani hakuichanganya na nyingine. Aliitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akalifukia chini ya kitanda, na kopo lile lilikuwa na kazi moja: skuli za wajukuu wa kike. Wa kike tu. Wajukuu wa kiume walilalamika, akawaambia waende wakapande mikarafuu. Ada yangu, sare yangu, nauli ya meli ya kwanza iliyonipeleka Unguja kusomea ualimu, vyote vilitoka kwenye kopo lile. Wa kwanza kupewa, kabla yangu, alikuwa binti wa Mama mdogo. Bibi hakusema kwa nini, wala Mama mdogo hakuuliza, lakini siku ile binti yake alipofaulu kuingia kidato cha tano nilimwona Mama mdogo akimkuna nazi mama yake bila ya kuombwa, na mbuzi ile ya kukunia nazi Bibi hakuwa akimwachia mtu.

Mambo mengine nitayapita. Waya wa umeme ulipolazwa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, tukaanza kupata umeme usiokatika kila mara, yeye alisema, "Basi sasa tutachambua mpaka alfajiri." Mwaka 2011 Serikali ilipopandisha bei ya karafuu, alipanda miche 12 kwenye mapengo ya shamba. Alikuwa na miaka 76, na mkarafuu unataka miaka sita hata minane ndipo uanze kuzaa. Alizichuma. Alikuwa akikaa kwenye kigoda chini ya mti, tunamshushia tawi, anachuma akiwa amekaa.

Mwaka huo wa 2011 una jambo jingine. Usiku wa kuamkia Septemba 10, meli ya Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba. Karibu kila kijiji cha Pemba kilikuwa na mtu ndani yake au na ndugu wa mtu. Kwetu zililia nyumba mbili. Bibi alichukua pishi yake ya bati akaenda, na siku zote tatu alikaa jikoni msibani akipima mchele. Hiyo nayo ilikuwa kazi yake, ambayo hakuna aliyemwajiri. Kila penye msiba au arusi, hakuna chungu kilichotiwa maji kabla hajafika na pishi ile. Alitazama watu waliokaa nje, akahesabu kwa macho, akasema pishi kadhaa, na chakula kilitosha. Pishi ilibonyea upande mmoja, na mdomo wake ulikuwa umelika ukang'aa kwa kupitishwa kiganja kila inapojaa, ili isizidi wala isipungue.

Miaka miwili ya mwisho hakuona vizuri, ila vidole havikutaka macho. Alisuka ukili akiwa ameukunja mapajani, na akikosea jino moja alijua kwa kugusa, akafumua. Alifariki mwaka jana, alfajiri, kabla ya jua kutoka. Mama mdogo ndiye aliyekuwa naye chumbani.

Msiba ulijaa mpaka watu wakakaa barabarani. Jikoni wanawake walisimama kuzunguka gunia la mchele, na hakuna aliyeligusa. Walikuwa wanangoja, na nadhani baadhi yao walikuwa bado hawajajua wanamngoja nani. Mama mdogo akaingia, akaitoa pishi mvunguni, akaifuta kwa ncha ya kanga. Akatoka mpaka mlangoni, akatazama nje kwa muda. "Thelathini na mbili," akasema. Akaanza kupima.

Makaburini, kabla watu hawajatawanyika, Mjomba alisimama kama ada ilivyo. Akasema kama yupo anayemdai marehemu atuone sisi watoto wake, na kama alimkosea mtu basi tunamwombea radhi. Hakuja hata mmoja wa kudai. Walikuja watatu kulipa. Wa kwanza alikuwa mzee aliyesema Bibi alimlipa pishi nne zaidi msimu fulani, naye alikaa kimya. Wa pili alileta pesa ya upatu, akaiweka mkononi mwa Mama na kuondoka bila ya kunywa hata maji.

Wa tatu alikuja siku ya arubaini. Mama mmoja wa kijiji cha pili, rika la Mjomba, anatembea kwa mkongojo. Alikuwa na mchele kwenye mfuko wa plastiki, akasema ni vibaba viwili. Vilikopwa miaka ya foleni, mtoto wake wa kwanza alipokuwa hawezi. "Nilimwambia n'talipa msimu ukija. Kisha nikaona haya, na haya ikazaa haya nyingine." Mama akamwambia jambo limekwisha, marehemu kasamehe, arudi na mchele wake. Akakataa. Akauliza kama ule mlango bado upo.

Tukampeleka jikoni. Giza lilikuwa limeshaingia na taa ya jikoni ilikuwa imeungua. Alipapasa ubao kwa mkono, akateremka, akapita mistari ya watu ambao sisi hatutawajua tena, akafika chini kabisa karibu na bawaba. Mjomba akawasha taa ya simu yake, akainama, akamsogezea mwanga. Palikuwa na nukta mbili, nyeusi kana kwamba zimetiwa jana.

"Hizi zangu," akasema. "Alizitia mie nikiwa nimesimama hapa na mtoto mgongoni." Akaomba maji na kitambaa.

Mkaa haukutoka mara moja, ulikuwa umeingia ndani ya ubao. Akachovya tena, akafuta tena. Mjomba alikuwa bado ameshika taa.